Mkanda wa Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha asubuhi nzima, na rangi iliyopakwa juzi upande wa nyuma wa jengo imetiririka ukutani kama uji. Nyapara ameyatukana mawingu, akawatukana mafundi, kisha akaingia stoo kunitukana mimi, maana nilikuwa mkavu.

Naandika kwa sababu nyumbani hakuna wa kuzungumza naye na kazini hakuna anayetaka. Kazi yangu ni mikanda. Kila fundi anayepanda ghorofani huvaa mkanda unaomfunga mabega, kifua na mapaja, wenye pete ya chuma mgongoni inayoshikana na kamba. Akiteleza, mkanda unamdaka. Kila asubuhi naushika mmoja mmoja, naukunja utepe wake kama anayetafuta chawa kwenye shati, napapasa. Natafuta uzi uliochomoka, mahali palipopauka kwa jua, palipokakamaa, bizimu lenye kutu. Mkanda mbovu naukata kwa mkasi pale pale, asije mtu akauokota na kuuvaa. Ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Hawakunifundisha kwamba fundi asiye na mkanda hapandi, na asiyepanda halipwi.

Mafundi wananiita Mkasi. Si kwa utani.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Stoo inanuka ukungu.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimekata mkanda wa fundi mzee tunayemwita Babu Rola. Utepe wa paja ulikuwa umeliwa na chokaa, ukiukunja unatoa vumbi.

"Mwanangu," akasema, "huo mkanda unanijua kuliko mke wangu."

"Ndiyo maana umechoka, babu."

Mafundi wakacheka. Walimcheka yeye, hawakunicheka mimi, na nilifurahi. Babu Rola akakaa getini siku nzima, gunia kichwani, akisubiri labda mwenzake ataugua amwazime mkanda wake. Hakuna aliyeugua. Nilimwona kupitia dirishani kila nilipoinua macho. Nilikuwa sahihi, na nilijisikia vizuri kuwa sahihi. Nimeahidi daftari hili halitadanganywa, basi na hilo liwemo.

Nimemwandikia Meneja tena kuomba mikanda mipya. Amejibu kwa mdomo wa Nyapara: tusubiri mvua iishe. Kana kwamba mvua ndiyo inayouza.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani. Dada alishona kutwa. Ni fundi cherehani. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, akanisomesha kwa kukanyaga pedali mpaka kifundo cha mguu wake wa kulia kikawa kinene kuliko cha kushoto. Cherehani iko kwenye chumba ninacholala, kwa hiyo usingizi wangu huanza anapoamua yeye. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi rangi kwenye jengo letu. Ndiye aliyeniombea kazi, na hapitishi siku bila kunikumbusha.

"Profesa," ananiita. "Profesa, nipitishie chumvi, kama haijakwisha muda wake."

Dada hacheki. Dada hacheki kitu chochote. Sikumbuki meno yake.

Jumanne, 12 Machi

Shemeji ameanguka. Yuko hai, amekula, yupo sebuleni anasimulia kwa mara ya kumi, kwa hiyo naweza kuandika.

Ubao wa jukwaa ulikuwa umelowa. Aligeuka kuchukua brashi, mguu ukamponyoka, akaenda chini kichwa mbele. Kamba ikakaza. Akabaki ananing'inia ghorofa ya sita kama suruali iliyosahaulika kwenye kamba ya nguo, na ndoo yake ya rangi ikapasukia chini, karibu na mguu wa Nyapara. Walimvuta ndani kupitia dirisha la mpangaji mmoja. Aliposhuka, mafundi wakambeba mabegani. Wote walitaka kuugusa mkanda. Babu Rola aliubusu.

Nilisimama mlangoni pa stoo. "Shemeji, nipe huo."

"Nikupe uufanye nini?"

"Niukate."

Kicheko kikaanzia nyuma na kuja mbele.

"Mmemsikia?" akasema. "Mkanda umeniokoa, na shukrani yake ni mkasi. Siku tukikuokoa wewe tutakukuta umetufanya nini?"

Nikajaribu kueleza. Juu ya mabega ya kila mkanda utepe umekunjwa, na mkunjo umeshonwa kwa uzi mwekundu dhaifu, dhaifu kwa makusudi. Mtu akianguka, uzi unakatika, mkunjo unafunguka, na kila mwenye macho anajua: huu umeshadaka. Mkanda hudaka mara moja. Unaweza kung'aa, unaweza kunukia, lakini nguvu yake imekwisha pale ulipomzuia mtu. Mikunjo yote miwili ya shemeji ilikuwa imefunguka. Niliiona kutoka mlangoni.

"Kesho," Nyapara akasema. "Mwache mtu afurahi."

Shemeji ameondoka nao ndani ya koti.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi ameuweka mezani kwangu huku akitabasamu. Mikunjo imefungwa. Uzi mwekundu, mstari ulionyooka kuliko wa kiwandani. Sikuhitaji kuuliza. Dada akifika mwisho wa mstari hurudi nyuma kidogo, kisha huficha ncha ya uzi ndani ya kitambaa. Sketi zangu zote za shule zilishikwa na ncha zilizofichwa hivyo.

Nikaupapasa wote. Karibu na pete ya mgongoni nimekuta mahali pagumu, pamekakamaa na kung'aa. Pale utepe ulisuguana na chuma wakati wa kuanguka, ukapata moto. Ukipakunja, hapakunjiki. Ni kama kovu la mtu aliyeungua.

Nimeupeleka kwa Nyapara nikiwa na hasira safi kabisa. Akaugeuza, akauvuta, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Nani kashona vizuri hivi?"

Hapa ndipo nimefanya ujinga wangu. Ningeweza kusema ni nani na kwa nini ni hatari. Nimesema, "Dada yangu," na sauti ikatoka na majivuno. Nilimsikia mtu akisifiwa nikataka kusimama karibu naye.

"Huyu ana mkono," Nyapara akasema. Nikamwonyesha kovu. Akalisugua kwa gumba, akasema ni rangi.

Jioni nimemfuata Dada kwenye cherehani.

"Dada, ule uzi uliwekwa ili ukatike."

"Uzi gani unawekwa ili ukatike?"

"Ni wa kutoa habari."

"Nguo ikichanika inatoa habari moja tu, kwamba aliyeshona hajui kazi."

"Ile si nguo."

"Kilichoshonwa ni nguo. Usinifundishe uzi, wewe uliyevalishwa uzi wangu mpaka chuoni." Akakanyaga pedali, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sijaukata. Nimeutundika nyuma ya mlango na kumpa shemeji mkanda wa akiba.

Jumatatu, 18 Machi

Nyapara ameleta gunia nyumbani kwetu. Ndani yake mikanda yote mibovu niliyoitenga ili Meneja aione kabla sijaikata. Amemwambia Dada kampuni inamwamini. Dada amefuta mikono kwenye kanga kabla ya kupokea, kama anayekabidhiwa mtoto.

Amri mpya: nisikate kitu bila yeye kuona.

Alhamisi, 21 Machi

Cherehani. Mvua. Cherehani.

Jumapili, 24 Machi

Nyumba imebadilika. Kuna nyama, kuna taa mpya, Dada amenunua sindano nene zilizotoka mbali. Amenyoosha mgongo. Mafundi wakipita barabarani wanamwamkia "mama yetu", wanaomba mikanda yao ishonwe mara mbili. Nimekuwa nikidhani dada yangu ni mwanamke mgumu asiyetaka chochote. Kumbe alitaka hiki: kitu kizito cha kushona, na watu wazima wanaokitegemea.

Ninapomtazama nasikia huruma, na juu ya huruma kuna kitu kingine kisicho kizuri. Kwenye nyumba hii mimi ndiye niliyekuwa na elimu. Ndicho kitu changu pekee. Sasa na yeye ana utaalamu wa kulinda maisha ya watu, na hakuhitaji cheti.

Ijumaa, 29 Machi

Nimepata wazo, na wazo langu limenigeuka.

Nilimwambia Nyapara: tuujaribu mmoja wa mikanda iliyoshonwa, mbele ya watu wote. Tuvalishe gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, tulisukume kutoka ghorofa ya pili. Ukikatika, inunuliwe mipya. Akakubali haraka kuliko nilivyotegemea.

"Tuchague upi?" akauliza, kisha akacheka mwenyewe. "Ule wa shemeji yako. Si ndio unaoulilia?"

Ulikuwa bado nyuma ya mlango. Nikautoa. Nilikuwa na uhakika. Nilishalisikia lile kovu kwa vidole vyangu zaidi ya mara moja.

Mafundi wote walishuka kutazama. Walilivalisha gunia mkanda, wakalichorea macho kwa rangi, wakalipa jina langu. "Mkasi, shika sana," shemeji akapiga kelele, na wakalisukuma. Kamba ikalia. Gunia likaruka juu kidogo, likatulia, likawa linazunguka taratibu, limetutumbulia macho yake ya rangi.

Mshono ulishika. Kila kitu kilishika.

Walishangilia mpaka wapangaji wakatoka kwenye veranda. Babu Rola alikuja mpaka karibu na uso wangu, akasema polepole, "Siku ile getini nilinyeshewa bure."

Nilisubiri kelele ziishe. Nikasema, "Sasa umeshadaka mara mbili. Lazima ukatwe."

"Mara mbili, na bado," shemeji akasema, akiufungua kwenye gunia na kuukung'uta mchanga. "Huu ndio wa kuaminika. Hii mingine hata hatujui tabia yake." Akauvaa pale pale.

Nilikuwa nimeuua ule mkanda kwa mkono wangu, ili kuthibitisha kwamba umekufa. Na wote walioona wameamini una nguvu.

Jumamosi, 30 Machi

Jioni mikanda yote hurudi stoo, na leo nimeupapasa tena: kovu limeongezeka. Sasa linazunguka karibu upana wote wa utepe. Nimemwonyesha shemeji, nikamshikisha kidole chake mwenyewe.

"Gumu, si ndiyo?" akasema. "Kitu kigumu ni kibovu?"

Tangu aanguke ananidai huo huo. Kila asubuhi nampa mwingine, ananitukana, anaenda. Nyapara amesema nitampa au nitaondoka, na atakayekuja badala yangu hatajua hata kupapasa.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua imechukua daraja la wapita kwa miguu. Nimetembea kwa kuzunguka. Nimefika nimechelewa, na Nyapara alikuwa amefungua stoo mwenyewe. Mkanda ulikuwa ndoanoni pake. Bado.

Jumatatu, 8 Aprili

Jioni walikuja wageni, majirani wawili na mafundi watatu. Shemeji akawachezea igizo. Alikifunga kijiko kwa uzi, akakining'iniza juu ya sahani, akageuza sauti yake ikawa yangu: "Kijiko hiki kimeshadaka ubwabwa mara mbili. Kimechoka. Leteni mkasi." Watu wakashika matumbo. Akakidondosha, kikadakwa, akakipapasa kwa vidole viwili, macho amefumba, mdomo umebinuka. Ni mimi kabisa. Sikujua kwamba hufumba macho.

Ningevumilia. Lakini Dada alicheka. Alicheka kwa sauti, akaweka mkono mdomoni, ukashindwa. Meno yake ni madogo, yamepangika vizuri.

"Mwacheni," akasema akijifuta machozi. "Vitabu vimemla macho. Nilidhani namsomesha awe na faida, kumbe nalipia kiburi."

Nimeingia ndani. Nimekaa kwenye kiti cha cherehani. Mkasi wa stoo uko kwenye mkoba wangu, mkanda uko stoo, na kesho kabla hawajafika naweza kuwa nimeumaliza. Waniachishe kazi. Ni tendo la dakika moja.

Nimeliwaza, na hapo hapo likaja wazo jingine kwa utulivu, kama mtu anayeketi kando yangu: basi avae.

Jumanne, 9 Aprili

Anga nyeupe kwa mara ya kwanza. Ukuta umekauka. Nyapara amewapandisha wote.

Shemeji alikuja akiwa na aibu kidogo. Akasema, "Jana ilikuwa utani, Profesa. Usiweke moyoni."

Niliutoa kwenye ndoano. Nikamwambia, "Chukua wako, shemeji."

Alishangaa. Nilimsaidia kufunga bizimu la kifua, maana alikuwa ameukaza vibaya. Nilipitisha kidole mgongoni, karibu na pete. Akasema nina mikono ya baridi.

Jumamosi, 13 Aprili

Sasa naweza kuandika ya Jumanne.

Jukwaa lilikuwa ghorofa ya tisa. Waya wa upande mmoja ulichomoka kwenye mashine yake, na jukwaa likalala kama kitanda kilichovunjika mguu. Walikuwa wawili juu. Babu Rola aliporomoka, kamba ikamshika, akabaki anabembea na kupiga kelele. Alikuwa kwenye mkanda ulioshonwa na Dada. Yuko hai, mbavu zinamuuma tu.

Shemeji naye kamba yake ilikaza. Hilo nililiona, nilikuwa nimetoka stoo. Alisimama hewani. Kwa kitambo kidogo sana alikuwa mtu aliyeokoka tena, na nadhani alijua, kwa sababu aliinua mkono mmoja kuelekea kwetu. Kisha utepe ukakatika. Haukutoa sauti kubwa. Ulitoa sauti kama ya kitambaa kinachopasuliwa dukani.

Sitaandika yaliyofuata chini. Nyapara aliniita nilete turubai, nikaleta.

Mkaguzi wa serikali alikuja siku ya pili, akapiga picha. Meneja, ambaye sikuwahi kumwona uwanjani, alivaa kofia mpya na kueleza kwamba kuna fundi cherehani wa mtaani aliyejitia anajua kutengeneza mikanda. Nyapara akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mshono uliachia," akasema. Mafundi waliokuwa wakimwita mama yetu wakatazama chini. Mkaguzi akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema mkanda uko stoo kwenye mfuko, auchunguze. Akasema atatuma mtu.

Hakuna aliyeniuliza nani aliutoa ndoanoni.

Jumatano, 17 Aprili

Mikanda mipya imefika, kila mmoja kwenye nailoni yake. Mafundi wamepanga mstari. Mmoja aliunusa.

Ijumaa, 19 Aprili

Wateja wanakuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa. Hawaingii ndani, wanasimama mlangoni na kusema pole. Mwanamke mmoja alidai gauni lililokuwa limekatwa tayari, vipande vipande, akaondoka navyo kwenye mfuko. Dada alimfungia kila kipande vizuri, akamwandikia kipi ni mkono na kipi ni kola.

Usiku anakaa kwenye cherehani bila kukanyaga. Mimi nalala nyuma yake nikisubiri kelele, na kelele haiji, na silali.

Nampenda dada yangu. Sikuwahi kuliandika hili kwa sababu sikuwahi kuwa na uhakika nalo. Majirani wanasema kwa sauti ya kusikika kwamba alimshonea mumewe sanda. Najua si kweli, na ni mimi pekee ninayejua. Neno moja langu litamtoa kwenye shimo hilo na kuniweka mimi.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo Dada amekuja stoo. Hajawahi kufika kazini kwetu. Alisimama mlangoni na futi yake shingoni, kwa mazoea, akatazama ndoano zote zenye mikanda mipya.

"Nionyeshe," akasema.

Nikatoa mfuko. Mtu wa mkaguzi bado hajaja. Nikautandaza mkanda mezani, chini ya dirisha. Hakuugusa kwanza.

"Ni mshono?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa siku nyingi, na yametoka kwa mpangilio ule ule. "Si mshono, Dada. Mshono wako ulishika, tazama, hakuna uzi hata mmoja ulioachia. Umekatika hapa, karibu na pete, palipoungua alipoanguka mara ya kwanza. Nilikuwa najua utakatika. Nilijua tangu Machi. Asubuhi ile niliutoa mwenyewe nikamvalisha, kwa sababu mlinicheka."

Nje mtu alikuwa anakwangua rangi kwenye ndoo.

Dada aliinama. Alikuta mwisho wa mstari wake mwekundu, akaweka kidole pale alipoficha ncha. Kisha akavuta futi shingoni, akapima kutoka kwenye mshono mpaka kwenye mpasuko. Akapima tena.

"Karibu hivi," akasema. "Ningeendelea kidogo tu. Ningeweka kiraka kikapita mpaka hapa, nikashona msalaba."

"Dada, umenisikia?"

"Hakuna aliyeniambia kuna sehemu ngumu." Alikuwa anaukunja utepe kwenye kovu, akitazama jinsi usivyokunjika. "Ningetumia ile sindano nene. Ningeanzia hapa."

Ningeweza kurudia. Alikuwa mbele yangu, hana haraka, kidole chake kiko mahali penyewe. Nilimsogezea mkanda kwenye mwanga aone vizuri.